Silvester Kihwele Atafuta Ugomvi

Mzee Silvester Kihwele alimtukana jirani yake asubuhi na jioni, na jirani yake alicheka asubuhi na jioni. Kama kuna njia ya kumuua mtu mwenye hasira bila kumgusa, ni hiyo. Silvester alisimama uani kwake, mshipa wa shingo umemtoka, anatoa tusi ambalo kama angemtolea mtu mwingine yeyote wangelala mahabusu wote wawili, na yule mzee wa ng'ambo ya ua, Didas Mbano, alishika mbavu akacheka mpaka machozi, kisha akajibu kwa tusi lake, tamu zaidi. Wapita njia walisimama kusikiliza. Watoto wa shule walichelewa namba kwa ajili yao.

Tatizo lilikuwa moja tu: Silvester alikuwa Mhehe na Didas alikuwa Mngoni. Zamani, kabla Mzungu hajatia mguu nchi hii, babu za hawa na babu za wale walipigana vita vikali, wakauana mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyempiga mwenzake akaanguka. Walipochoka kuzika wakapatana. Mapatano yao hayakuandikwa popote wala hayakuwekwa muhuri. Walikubaliana kutukanana. Tangu hapo Mhehe na Mngoni ni watani. Huyu atamvunjia yule heshima mbele ya wakwe zake, yule atamchukulia huyu kuku wake mchana kweupe, na anayekasirika ndiye mwenye makosa. Msiba ukitokea, mtani ndiye anayeshika jembe, ndiye anayechekesha waliao, ndiye anayeingia kaburini na kugoma kutoka mpaka apewe chake.

Sasa wewe mchukie Mngoni, na uwe Mhehe, uone kama kuna atakayekuamini.

Kijiji chenyewe kilikuwa kipya. Operesheni ya vijiji ilipopita mwaka wa sabini na nne, watu walitolewa mabondeni na milimani wakapangwa kwa mistari kando ya barabara kuu, chini ya mji wa Iringa, mwendo mfupi kutoka Ipogolo. Silvester alitolewa upande wa Kalenga alikozaliwa. Didas alitolewa kwenye shamba la tumbaku la mlowezi mmoja, alikokuwa kibarua tangu ujana wake. Aliyegawa viwanja hakuuliza nani anataka kukaa na nani. Alinyoosha kidole tu, wewe hapa, wewe pale, na wazee wawili wa rika moja wakajikuta wanagawana ua wa mabua.

Mwanzoni Silvester alifurahi. Mtu aliyeng'olewa kwao uzeeni, akipata hata mtani wa kumsema, anashukuru. "Ninyi mlikimbia kutoka kwa Shaka," alikuwa akimwambia Didas, "mkakimbia mkakimbia, mlipofika Songea pumzi zikawaishia, ndiyo mkaita kwenu." Didas naye aliuliza kila siku kama mbwa wa Silvester bado yumo bandani au ameshaingia chunguni. Severina, mke wa Silvester, mwanamke mnene mwenye kicheko cha karibu, ndiye aliyefaidi zaidi. Didas aliweza kuingia jikoni kwake, akaipua sufuria ya maharage ikiwa bado inachemka, akaondoka nayo, na Severina akamfukuza na mwiko hadi barabarani huku kanga ikimdondoka. Maharage waliyala pamoja.

Kilichoharibu ni kisomo cha watu wazima.

Alasiri, watoto wakishatoka, wazee waliingia darasani kwao na kubana magoti kwenye madawati madogo. Mwalimu alikuwa Regina, binti wa wauza nyanya wa Ilula, msichana mwenye subira na sauti kavu. Waliokwisha kujua kusoma aliwafundisha habari za dunia. Siku hiyo alichora ubaoni miduara, kila mduara taifa, akaeleza jinsi vile vita vya Mjerumani vilivyoanza. Mrithi wa mfalme wa Austria alipigwa risasi barabarani na kijana wa Kiserbia. Austria akamshika koo Serbia. Serbia alikuwa na rafiki yake, Mrusi. Austria alikuwa na rafiki yake, Mjerumani. Mrusi alikuwa amefunga mkataba na Mfaransa. Mjerumani, ili ampige Mfaransa, akakanyaga uwanja wa Mbelgiji, na Mwingereza akasema Mbelgiji tulimwahidi kumlinda. Kila Regina alipotaja jina alivuta mstari wa chaki, mpaka ubao ukajaa.

"Kumbe ni mambo ya kilabuni," akasema mama mmoja wa Kinyakyusa, Atuganile, aliyeketi mbele. "Mmoja kapigwa kofi, shemeji zake wote wanavua mashati."

Darasa likacheka. Silvester hakucheka. Alinyoosha mkono.

"Na sisi, mwalimu? Sisi tulikuwa shemeji wa nani?"

Regina alitazama ubao wake. "Sisi hatukuwa shemeji wa mtu, babu. Tulikuwa mali ya Mjerumani. Mwingereza alikuja kumpokonya."

Hapo ndipo Didas alipofungua mdomo, na laiti angekuwa anatafuna kitu. "Vita hiyo mimi naijua, mwalimu, nilikuwemo!" akasema kutoka nyuma, kifua mbele. "Nilikuwa boi wa askari mmoja Mmanyema. Alipokufa nikaokota bunduki yake, nami nikawa askari wa Mdachi, huyo huyo Mjerumani wako, kijana hata ndevu sina. Tulipita hapa hapa. Kalenga yote hii! Tukala mahindi ya hawa wala mbwa mpaka tukawaachia magunzi. Walificha mbegu ardhini, sisi tunachoma ardhi kwa fimbo za bunduki, pah, chungu hiki hapa! Hata mbegu tukala!"

Darasa zima lilipiga meza kwa vicheko. Mngoni kala mbegu za Wahehe. Utani gani mtamu kuliko huo? Na wote wakageuka kumtazama Silvester, wakingoja jibu lake.

Silvester alikuwa anakitazama kile chungu.

Alikiona kama kilivyokuwa, cheusi, mdomo umezibwa kwa udongo na majivu. Mama yake alikichimbia nyuma ya nyumba, akapanda maboga juu yake. Baba alikuwa amekwisha kufa. Askari wa Mdachi walipofika, mama alikaa kimya akiwatazama wakichoma ardhi, choma, choma, mpaka fimbo moja ikagonga. Ndipo alipopiga yowe. Silvester alikuwa kijana wa kuanza kuota ndevu, naye alisimama tu. Wadachi walipoondoka walikuja Waingereza, na hao hawakutaka mahindi, walitaka vichwa vya kubebea. Walimkamata Silvester na vijana wenzake, wakawatia kamba, wakawatwisha mizigo kwenda kusini, Njombe, Songea, na mbele ya hapo. Alichobebeshwa ni unga. Gunia la unga juu ya kichwa chake, mwezi baada ya mwezi, kuwalisha askari wasiomjua, na huko nyuma mama yake akafa kwa njaa. Aliporudi alikuta mlango umesukwa kwa miti. Majirani walimwonyesha mahali, wakamwambia hawakuwa na nguvu ya kuchimba sana.

Baada ya hapo Silvester aliishi kama watu wanavyoishi. Alikwenda Chunya kuchimba dhahabu ya wenyewe, akakaa Mbeya akisukuma mikokoteni, akarudi, akabatizwa Tosamaganga, akamwoa Severina, wakamzaa Antoni ambaye sasa alifanya kazi kwenye reli mpya huko Mbeya. Habari za mama yake hakumsimulia mtu isipokuwa mkewe, tena mara moja. Alidhani zimekwisha.

Wiki iliyofuata Regina alifundisha amani. Mataifa yalichoka, yakaketi Ufaransa, yakatia sahihi mkataba mnene, nani ampe nani nini. "Na Wahehe wametajwa humo," akasema, akitabasamu kuwafurahisha. "Wajerumani waliamriwa kurudisha fuvu la Mkwawa."

Wahehe darasani waliguna kwa fahari. Fuvu lile la mtemi wao walilijua, lilirudi Kalenga mwaka wa hamsini na nne, Silvester mwenyewe alikuwepo, alipiga makofi hadi viganja vikawaka moto.

"Fuvu moja," akasema Silvester.

"Ndiyo, babu."

"Katika mkataba wote mnene. Fuvu moja."

"Ndiyo, babu."

Akasimama, akachukua kofia yake, akatoka. Hakurudi tena kisomoni.

Toka siku hiyo matusi yake yaliacha kuwa mzaha, na hakuna aliyegundua. Alimwita Didas mwizi. Didas akajibu, "Mwizi wa nini, kwenu kulikuwa na cha kuiba?" Alimwita muuaji. Didas akaangua kicheko, akawaita majirani waje wasikie, Mhehe leo kanoa ulimi. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ulipofika, Silvester aliingia kwenye mianzi ya Didas asubuhi na mapema, akazipasua mbeta zote, vile vipande vya mwanzi alivyotega Didas kukingia, ulanzi wote ukamwagika chini. Alingoja nyumbani, rungu mkononi, akijua sasa kimeiva. Didas alikuja, akaegemea ua, akasema, "Mnyalukolo, Mhehe wewe, umekunywa peke yako hata mtani hukumwachia tone? Roho mbaya!" Akaenda zake anacheka. Jioni alikuja kuchukua jogoo mkubwa wa Silvester, kama ilivyo haki yake.

Silvester alikwenda kwa balozi wa nyumba kumi kushitaki. Balozi alimsikiliza mpaka mwisho, midomo ikimcheza.

"Mzee wangu, unamshitaki mtani?"

"Namshitaki muuaji."

"Haya, haya," akasema balozi, na hapo akashindwa kujizuia. "Nenda zako, mzee. Ukiendelea kusema, na mimi utanivunja mbavu."

Ni mambo ya kumtia mtu wazimu. Silvester alikuwa na vita vyake, halali kabisa, vya damu, na kila alipovitangaza watu walimpigia makofi. Alikonda. Alianza kukaa uani akimtazama Didas akichonga mpini wa jembe, amtazame tu, kama mtu anayepima pa kupiga. Alichotaka kilikuwa kitu kimoja: yule mtu aache kucheka. Ajue. Aseme kwa mdomo wake kwamba chungu kile kilikuwa cha mtu, na mtu huyo alikufa.

Severina pekee ndiye aliyejua. Alikuwa ameanza kuugua kifua, analala mchana, lakini masikio yalikuwa mazima.

"Baba Antoni," akamwambia siku moja, "yule unamtukana kwa kweli."

"Kwa kweli."

"Basi mwambie."

"Namwambia kila siku!"

"Unamtukana kila siku. Humwambii." Akakohoa, akashusha pumzi. "Na ukimwambia, ujiandae. Nayo yake utayasikia."

"Yake yapi? Yeye alikula, mama yangu akafa. Yake yapi?"

Mvua za mwisho zilipokatika Severina alikufa, mchana, watu wako shambani, na Silvester akabaki na nyumba iliyonyamaza.

Antoni alikuja kutoka Mbeya. Ndugu walikuja, katekista alikuja, wanawake walijaza jikoni. Na kama ilivyo desturi, Wangoni wa kijiji walifika na majembe yao, Didas mbele yao. Walianza kuchimba. Kaburi lilipofika kiunoni, Didas alitoka, akaingia ndani walimo wanawake, akatoka amejifunga kanga ya marehemu, ile ya njano, na mto tumboni. Akatembea kama Severina, kidogo kidogo, mkono kiunoni. Akasimama mbele ya wanaume, akaita kwa sauti nyembamba, "Baba Antoni! Ugali unapoa! Au nikuletee mbwa wako ule na huyo?"

Kilikuwa kicheko cha kilio, kile kinachomfanya mtu ajisikie bado ana mbavu. Hata Antoni alicheka, kamasi zikimtoka. Ndiyo kazi ya mtani, kumrudisha marehemu kidogo kabla hajafunikwa.

Silvester alisimama.

"Vua hiyo nguo."

Didas akabinua mdomo kama Severina. "Eee, leo mume wangu kaamka vibaya."

"Vua. Wewe si mtani wangu."

Kicheko kilikufa kikianzia mbele kwenda nyuma. Kuna maneno ambayo Mhehe hamwambii Mngoni hata akiwa amelewa, na msibani ndiyo kabisa, na hilo ndilo lenyewe.

"Wewe ulikula mbegu za mama yangu," akasema Silvester. Sauti yake ilikuwa ya kawaida, na ndiyo maana wote walisikia. "Mlichoma ardhi na fimbo zenu, mkatoa chungu, mkala. Akafa njaa. Umesimulia darasani kwa kicheko. Nimekutukana mwaka mzima, wewe unacheka. Leo usicheke. Leo sikutanii. Nakuchukia, Didas, na kaburi la mke wangu hutalichimba."

Didas alifungua fundo la kanga, akashika mto mkononi. Uso wake bila kicheko ulikuwa mgeni kwa kila mtu pale. Hata wajukuu zake walikuwa hawajauona.

"Sasa umesema," akasema. "Basi na mimi niseme. Mwaka wa Maji Maji nilikuwa mdogo. Mjerumani alikuja kwetu kuchoma maghala, tufe njaa tunyamaze. Lakini Mjerumani mwenyewe alikuwa amepanda nyumbu. Waliobeba mienge walikuwa Wahehe. Niliwaona. Walichoma mahindi, wakachukua mbuzi, wakaimba. Mama yangu alikufa njaa hiyo. Ndiyo nikaokotwa na yule Mmanyema, kwa sababu alikuwa na chakula, na nguo zake zilikuwa za Mjerumani. Tulipowekwa jirani hapa, nilijua miaka yako, na kwamba baba yako alikuwa wa umri wa kubeba mwenge. Ningeweza kukuuliza baba yako mwaka ule alikuwa wapi. Sikukuuliza. Mtani haulizi. Anacheka. Ulifikiri nacheka kwa sababu ni mjinga?"

Silvester alijua baba yake alikuwa wapi. Alirudi kutoka kusini na kundi la mbuzi, na maziwa ya mbuzi hao ndiyo yaliyomkuza Silvester.

Didas aliweka jembe chini. Wangoni wengine waliweka ya kwao, mmoja mmoja, bila kelele, wakamfuata. Wanawake wao walitoka jikoni wakifuta mikono. Kaburi lilibaki nusu, na watu walibaki wametazama miguu yao.

Vita alivyovitafuta alikuwa amevipata. Silvester aliokota jembe, akaingia mwenyewe kuchimba kaburi la mkewe, jambo ambalo mfiwa halifanyi. Antoni alimshika bega, mzee akaitupa mikono ya mwanawe. Alichimba akihema, udongo ukimrudia miguuni, mpaka vijana wa Kihehe walipomtoa na kumaliza kazi kwa aibu na haraka. Hakuna aliyechekesha. Hakuna aliyelia kwa sauti pia. Msiba usio na mtani ni mzito hivyo.

Mwili ulipoletwa, katekista akiwa amefungua kitabu chake, watu walisogea pembeni kumpisha mtu. Didas alikuwa amerudi peke yake, ile kanga ya njano bado ameishika. Hakumtazama Silvester. Alikaa ukingoni, akateremka taratibu, mzee wa watu, akajilaza chali kaburini, kanga kifuani.

"Huyu mama alikuwa mtani wangu," akasema kutoka chini. "Hajanikataa. Sitoki."

Antoni, kwa nafuu aliyoisikia, alikimbia akaleta kuku, akamshusha kwa miguu.

"Ondoa kuku wako. Siku hii sitaki kuku." Didas alikuwa anatazama mbinguni, sio watu. "Namtaka huyo baba yako aniambie kitu. Mama yake aliitwa nani?"

Watu waligeuka. Silvester alisimama juu ya lundo la udongo, mikono imechubuka. Alifungua mdomo, na jina lilikataa kutoka. Lilikuwa halijatumika tangu mlango ule uliosukwa kwa miti. Katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwuliza. Hata wale wa mkataba mnene hawakuuliza.

"Sekindole," akasema.

"Sema wasikie."

"Sekindole!"

"Sekindole," akarudia Didas, polepole, na nyuma yake wanawake wachache wakalirudia jina, kama wanavyofanya wakipokea jina la maiti. Didas alikaa kitako, akaanza kutafuta pa kushika ili asimame.

Silvester alisogea ukingoni.

"Na wako?" akauliza.

Mdomo wa Didas ulitaka kucheka, kwa mazoea tu, ukashindwa.

"Sijui," akasema. "Nilikuwa mdogo sana, na waliomjua wote walikufa njaa ile ile. Mimi nilikuwa namwita mama tu."

Silvester alipiga magoti kwenye udongo, akamshika mkono, akamvuta atoke.